Haongei, haamkii, anacheza peke yake: mwongozo kamili kwa mzazi wa Tabora

Ukiwa Tabora na mtoto wa miaka mitatu asiyeongea, ushauri utakufikia kabla hujauomba. Jirani atakwambia baba yake naye alichelewa. Shangazi kutoka Sikonge atauliza kama kimeo kimekatwa. Mwenye duka atamshikia pipi hewani amwambie "sema shikamoo kwanza", mtoto atageuka kutazama feni, na nyuma yako utasikia mtu akisema kadekezwa huyo, hana adabu.

Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi wa mtoto wa namna hiyo, awe hana neno hata moja au awe na maneno tele asiyojua kuyatumia na watu. Msimamo wangu nautoa mapema: kazi yako ya kwanza si kumjaza mtoto maneno. Ni kumzoesha kupokezana na mtu mwingine, iwe kwa jicho, kwa mkono, kwa sauti au kwa kitu. Mtoto anayejua rangi kumi na kuhesabu mpaka ishirini, lakini akiwa na kiu analia tu pembeni ya mtungi, bado hajaanza kuwasiliana.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno nchini, hivyo ukisubiri umpate mmoja ndipo uanze, miaka itakwenda. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji, vikao 9 vya kikundi na mwezeshaji kuwatembelea nyumbani mara 3, na msingi wake ni huu: mlezi atumie michezo na kazi za kila siku za nyumbani kwake. Mengi ya hayo unaweza kuyaanza leo jioni, ukiwa jikoni.

Kwanza ujue unashughulika na nini

Wasioongea hawafanani. Yupo asiyesikia vizuri. Yupo anayeelewa kila kitu, ukimtuma kikombe analeta kikombe, anakuonyesha kwa kidole anachotaka, ila maneno ndiyo hayajatoka. Huyu mara nyingi huwafikia wenzake, ingawa si kila mara. Yupo ambaye lugha yenyewe haimshiki: akiwa na miaka sita sentensi zake bado ni fupi, maagizo marefu yanampotea, jina la kitu anachokiona kila siku linamkimbia. Hilo ni tatizo la ukuaji wa lugha, na utafiti uliofanywa Uingereza ulikuta takriban watoto 2 katika darasa la watoto 30 wanalo. Ipeleke hesabu hiyo kwenye darasa la watoto 90, halafu ufikirie ni wangapi tunaowaita wazito.

Yupo mwenye usonji. Kwake shida kubwa iko kwenye kuhusiana: ukimwonyesha ndege angani anaangalia kidole chako au haangalii kabisa, haleti kitu ili mkifurahie pamoja, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kwa muda mrefu, na njia ya kwenda kwa bibi ikibadilishwa anapandwa na hasira. Na yupo anayeongea kwa ufasaha, pengine kuliko wenzake, lakini mazungumzo yote ni treni: ya Kigoma, ya Mwanza, ya Mpanda, mabehewa mangapi. Hajui mwenzake amechoka. Huyu wa mwisho hucheleweshwa kusaidiwa kwa sababu watu wanamwona mjanja.

Usijipe kazi ya kumwekea mtoto jina la ugonjwa. Lako ni kujua lini usisubiri. Akifika miezi 12 haitiki jina lake, habwabwaji, hapungi mkono wala haonyeshi kwa kidole. Akifika miezi 18 hana neno hata moja lenye maana. Akifika miaka 2 haunganishi maneno mawili kama "mama njoo" au "maji baridi": nenda kituo cha afya. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, mpeleke wiki hiyo hiyo. "Atasema tu" ni kauli ya kumtuliza mama. Mtoto haimsaidii.

Hatua ya kwanza: masikio, kabla ya jambo lingine lolote

Mtoto anayeshtuka mlango ukibamizwa si lazima awe anasikia vizuri. Anaweza kusikia lori linapita na asisikie s, f na t, sauti nyembamba zinazotofautisha neno na neno. Wengine hubaki na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, leo wanasikia, wiki ijayo hawasikii, na nyumbani wanaitwa wakaidi.

Jaribio la nyumbani liko hivi. Mtu mmoja akae mbele ya mtoto amshughulishe na kitu kisicho na kelele. Wa pili asimame nyuma yake, pembeni kidogo, hatua mbili hivi, mahali ambapo kivuli chake hakionekani. Akunjekunje karatasi ya biskuti. Asubiri. Anong'one jina la mtoto. Asubiri. Halafu upande wa pili. Andika aligeukia nini na upande gani. Matokeo yoyote utakayopata, bado mtoto anatakiwa kupimwa hospitali. Jaribio hili linakupa tu la kumweleza daktari.

Anzia zahanati au kituo chako, uombe rufaa ya kupima usikivu kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ikishindikana hapo, rufaa ya mbele kwa kanda yetu kwa kawaida ni Bugando, Mwanza. Zipo mashine zinazopima sikio la mtoto mdogo bila yeye kujibu chochote, hata akiwa amelala, kwa hiyo usikubali kuambiwa "mlete akishajua kuongea tumpime". Beba kadi ya kliniki. Kisera mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi matibabu kwenye vituo vya serikali, lakini nauli na kulala Mwanza havimo kwenye sera, kwa hiyo jipange.

Mweleze daktari haya bila kusubiri kuulizwa: kama alichelewa kulia alipozaliwa, kama alipata manjano kali akiwa kichanga, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, degedege, au kama alilazwa akachomwa sindano za antibaiotiki ya gentamicin. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Lisafishwe na litibiwe hospitali.

Akigundulika hasikii, Tabora ina bahati ambayo mikoa mingi haina: shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1963. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama mapema, asisubiri mpaka avunjike moyo. Lakini mtoto anayesikia, asiyeongea, si wa shule ile kwa sababu tu watu wanamwita bubu. Nimeona familia zikizunguka na barua kwenda pasipohusika, na muda wote huo hakuna aliyempima masikio.

Kuhusu kukata kimeo: usikubali. Kile kinyama cha nyuma ya koo hakizuii lugha, na kukikata kwa wembe huko mitaani kunaleta kutokwa damu, pepopunda na maambukizi yanayoua. Udata, yaani ulimi ulioshikwa na utando chini, unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, na daktari atauangalia. Haumfanyi mtoto asielewe, asionyeshe kwa kidole wala asitazame watu.

Hatua ya pili: daftari

Nunua daftari moja la kurasa nyingi. Ukurasa wa kwanza: anaombaje? Anakuvuta mkono, analia, anatazama, anasema? Ukurasa wa pili: nini kinamfurahisha mpaka anacheka. Wa tatu: nini kinamchafua. Kisha kila Jumapili andika mistari michache, neno jipya, ishara mpya, kilichopotea. Simu ikiwa na kamera, rekodi vipande vifupi akila, akicheza, akiitwa, maana mbele ya daktari watoto wengi hukaa kimya na kila mtu anaonekana muongo. Rekodi pia ukimwona anaganda akikodoa macho hewani kwa sekunde kadhaa bila kuitika. Huenda ni kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine na kina dawa.

Hatua ya tatu: badili namna wewe unavyoongea

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa.

Shuka chini. Kaa kwenye kigoda au mkeka mpaka uso wako uwe usawa wa uso wake. Mtoto anayezungumzishwa kutoka juu, na mtu anayekoroga ugali huku amempa mgongo, hapati midomo wala macho, na hivyo ndivyo vinavyomwambia kwamba neno hili ni lake.

Fuata anachokitazama yeye. Akiwa anachezea kizibo, sema "kizibo". Kikianguka, "kimeanguka!" Usimpokonye umletee kitabu cha herufi. Neno hushika pale linapokutana na kitu ambacho tayari kiko moyoni mwake.

Punguza mitihani. Sikiliza nyumba zetu: "Hii nini? Hii rangi gani? Sema mama. Sema! Mwambie mjomba jina lako nani." Mtoto anapigwa maswali kama mshtakiwa kizimbani. Kwa kila swali moja, mpe kauli nne za kueleza tu: "Uji wa moto." "Tunapuliza." "Kuku anakuja." "Baba katoka."

Ongeza neno moja. Hajasema kitu, wewe tumia neno moja moja. Akisema "maji", wewe sema "maji baridi" au "nataka maji". Akisema "nataka maji", wewe "nataka maji ya kunywa". Usimrudishe nyuma kumsahihisha "hapana, sema vizuri". Mrudishie tu neno lake likiwa limenyooka, na mwendelee.

Halafu nyamaza. Ukishasema, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi huku unamtazama kwa uso wa kungoja. Kumi ni ndefu, bibi atakuwa ameshamjibia, dada ameshamletea kikombe. Waombe wasubiri. Mtoto wa namna hii anahitaji muda mrefu zaidi kupokea, kuelewa na kutafuta la kujibu, na sisi tunamkatiza akiwa njiani. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo gumu kwa watu wazima na ndilo nililoona likileta sauti ya kwanza mara nyingi.

Sasa zitafute sababu za yeye kukuhitaji. Mtoto ambaye kila kitu kimewekwa mbele yake hana la kusema. Asali ya Tabora inapendwa na kila mtoto: weka kidogo kwenye kopo linaloonyesha ndani, kaza kifuniko, mpe kopo. Atahangaika, atakuletea. Subiri. Akikutazama, au akikugusa mkono, au akitoa sauti yoyote, hiyo ni zamu yake: sema "fungua!", fungua papo hapo, mpe kidogo, funga tena. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nayo inafaa, maana inatolewa kipande kimoja kimoja. Mpe kimoja, si bakuli. Embe au karanga? Shika moja kila mkono, usogeze mbali kidogo, achague. Kama hajaanza kuonyesha kwa kidole, chukua kidole chake umsaidie kuonyesha, kisha mpe mara moja. Usimnyime chakula hadi aongee. Asiyeongea si mgomvi, na njaa haifundishi lugha.

Kazi za kila siku zina mpangilio usiobadilika, na mpangilio ndio unaomsaidia. Kuoga: "mimina… kichwa, mimina… mgongo", siku kadhaa mfululizo kwa maneno yale yale, halafu siku moja inua kopo juu, sema "mimi…" na uishie hapo. Mtazame. Kubembea mikononi mwa baba: "moja, mbili…" na baba aganda. Kuchambua mchele, kuwapa kuku mtama, kuanika nsansa, mboga ya majani ya kunde, juani: kila tendo na neno lake, polepole, kila siku.

Dakika kumi na tano mara mbili kwa siku zinatosha kuanza, televisheni ikiwa imezimwa. Juu ya simu: WHO inasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekewe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Simu haisababishi usonji, lakini haimsubiri mtoto, haimtazami, haimjibu. Ndiyo maana tuna watoto wanaoimba alfabeti ya Kiingereza yote na hawawezi kuomba maji kwa Kiswahili.

Na suala la Kinyamwezi. Utaambiwa "mnamchanganya, ongeeni Kiswahili tu". Lugha mbili hazisababishi tatizo hili, na watoto wenye tatizo hili wanaweza kukua na lugha mbili. Bibi anayejua Kinyamwezi vizuri aongee Kinyamwezi, kwa uchangamfu wake wote na nyimbo zake. Akilazimishwa Kiswahili cha kubahatisha atamwambia mtoto maneno machache, na uchache huo ndio hasara.

Anayerudia maneno yako

Unamuuliza "Unataka uji?" naye anajibu "Unataka uji?" Wengi hudhani anakejeli. Anachofanya ni kukushika sentensi nzima kama ilivyo, pamoja na *u-* yako, kwa sababu ndivyo alivyoisikia ilipohusu uji. Basi mpe sentensi inayofaa mdomoni mwake. Badala ya kuuliza, onyesha uji na useme kwa niaba yake: "Nataka uji." Ngoja. Akirudia, mpe. Kaka yake asaidie: muulize kaka "Unataka uji?", kaka ajibu "Nataka", apewe, mtoto akiona zamu zinavyokwenda.

Yule anayerudia tangazo la redio jioni nzima, chunguza anarudia lini. Mara nyingi lina kazi: amechoka, ana hofu, au tangazo hilo lilikuwa hewani siku alipopewa soda na anaomba soda. Ukishajua, mpe neno fupi la jambo lile.

Picha, vitu na ishara

Watu huogopa kwamba mtoto akipewa picha hatasema tena. Hakuna ushahidi wa hilo, na kwa wengi picha hufungua njia ya maneno. Anza na vitu halisi: kopo la kuogea maana yake tunaoga, kandambili maana yake tunatoka, sahani yake maana yake chakula. Mpe kitu mkononi dakika moja kabla ya tendo. Akishazoea, piga picha vitu vyake mwenyewe kwa simu, zichapishwe steshenari, zibandike kwenye vipande vya boksi na uzifunike kwa selotepu ili zisiloe. Picha ya kikombe cha nyumbani kwenu ina maana kwake kuliko mchoro wa kikombe cha vitabuni.

Kisha ning'iniza mbili tu: *kwanza* na *halafu*. Kwanza kunawa, halafu embe. Kwanza shati la shule, halafu kutazama treni. Ishara nazo zitumike zile za kwetu, njoo, basi, nipe, imeisha, ambazo hata muuza nyanya sokoni atazielewa.

Shikamoo na watu

Kwetu salamu ndiyo kadi ya utambulisho wa familia. Mtoto asipoamkia, anayehukumiwa ni mama yake. Ndiyo maana wazazi huanza na shikamoo, wakati shikamoo ni ngumu kuliko wanavyodhani: inataka umtazame mtu, ujue ni mkubwa kwako, ukumbuke neno, ulitoe kwa wakati, usubiri marahaba.

Ivunje vipande. Wiki za mwanzo akubali tu kusimama karibu na mgeni bila kukimbia. Kisha apunge au atoe mkono. Kisha agongane viganja na mtu mmoja anayempenda, kila siku, mlango ule ule. Neno lifuate nyuma, na likitoka "moo" lipokelewe kwa "marahaba mwanangu" nzima, si "sema vizuri". Wageni waambie mapema, kwa utulivu: "Mama, huyu salamu yake ni mkono, maneno yanakuja." Watu wengi wa hapa wakielezwa huelewa. Wanaokataa kuelewa wasikuchoshe. Na usimgeuze uso wake kwa nguvu akutazame machoni. Kwa baadhi yao macho ya mtu yanaumiza kama mwanga mkali, na wanasikia vizuri zaidi wakiangalia pembeni.

Kupokezana kunafundishika vizuri kupitia hadithi na vitendawili, ambavyo tayari vina zamu zake. Anayesimulia anasema "Hadithi, hadithi!", wote "Hadithi njoo!" Mtoto asiyeweza kuanzisha mazungumzo anaweza kuingia kwenye jibu ambalo halibadiliki. Kwenye "Kitendawili!" akisema "Tega!" siku ya kwanza, ameshakuwa ndani ya duara, hata kama jibu lenyewe hajui. Michezo kama mdako na rede pia ina zamu, lakini anza na mwenzake mmoja mpole, dakika chache, kanuni moja. Kundi la watoto kumi na tano chini ya mwembe ni kelele tupu kwake.

Maneno yenye kona

Mtoto mkubwa kidogo mwenye shida ya mawasiliano anaelewa maneno kama yalivyo. Amemwaga maji, unamfokea "Mwaga tena uone!" Anamwaga tena. Anaangalia aone. Kisha anachapwa kwa kutii. Mwambie moja kwa moja unachotaka: "Weka kikombe mezani." Sema cha kufanya, usiishie kwenye "acha" na "usi-", kwa sababu "usikimbie" haimwambii afanye nini na miguu. "Tembea, nishike mkono" inamwambia.

Kisha utani, na sisi watu wa huku utani ndio chumvi yetu. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu", babu anamwambia binti wa miaka saba mahari yake imeshaletwa. Wenzake wanacheka. Yeye analia usiku kucha kwamba ataolewa. Usiwakataze wazee utani, wataona unawanyanyasa. Mfundishe mtoto alama zake: babu akikunja jicho hivi na kucheka, ni utani, si kweli. Mpe jibu moja la kukariri, kwa mfano "Babu unanitania!" Jibu hilo linamwokoa shuleni pia, ambako wenzake wataugundua udhaifu wake haraka kuliko mwalimu.

Hasira na kutoroka

Kuna kulilia pipi na kuna kuzidiwa. Anayelilia pipi anachungulia kama unamwona, akipewa ananyamaza. Aliyezidiwa, kwa spika za harusi, honi ya treni, msongamano wa Soko Kuu, hata umpe pipi hanyamazi kwa sababu hayuko kwenye biashara ya pipi. Wa pili mtoe, mpeleke pakimya, punguza maneno, kaa karibu. Viboko havimfundishi lugha yeyote kati yao. Sokoni nenda asubuhi na mapema, kaa kidogo, toka kabla hajachoka.

Kutoroka ni hatari ya kweli. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji na kufa maji ni miongoni mwa ajali zinazowaua, kwa hiyo kisima cha nyumbani kiwe na mfuniko wenye kufuli, na akipotea watu waanze kutafuta kwenye maji: visima, mitaro, na kwa wanaoishi upande wa Igombe au Kazima, bwawani. Andika namba yako ya simu ndani ya kola ya kila nguo. Wapelekee picha yake vijana wa kijiwe cha bodaboda, mwenyekiti wa mtaa na muuza genge wa kona, uwaambie akiitwa jina haitiki, na kwamba wasimkimbize.

Shule

Umri wa darasa la awali ukifika, aandikishwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake, na elimu ya msingi ya serikali haina ada. Mwalimu mkuu akisema "hatuna mtaalamu", usigombane getini. Muulize kwa upole ni shule ipi ya karibu yenye kitengo cha elimu maalumu, kisha nenda halmashauri kwa afisa anayesimamia elimu maalumu, na kwa afisa ustawi wa jamii. Nenda na daftari lako na karatasi za hospitali. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla ya Januari.

Kitengo maalumu au darasa la kawaida? Kwa maoni yangu, mtoto anayeelewa maagizo mafupi na hakimbii ovyo afaidike na darasa la kawaida, hata likiwa limejaa, mradi mwalimu mmoja amkubali. Asiyeweza kukaa na kundi aanzie kitengoni. Jengo zuri lisikushawishi. Mwangalie mwalimu.

Mwandikie mwalimu huyo ukurasa mmoja, si zaidi, maana hatasoma mbili. Jina analoitikia. Anavyoomba kwenda chooni. Kinachomtuliza. Kinachomchafua. Kisha maombi manne: akae mbele mbali na dirisha la barabara; agizo la darasa zima arudiwe yeye binafsi, kwa maneno machache, huku akionyeshwa; apewe muda wa kujibu bila wenzake kumjibia; na awe na mwenzake mmoja wa kumshika mkono wakati wa mapumziko, kwa sababu mapumziko, yasiyo na mpangilio wala mwalimu, ndiyo saa ngumu kwake kuliko hesabu. Akikaribia mitihani ya taifa, uliza mapema shuleni kuhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Maombi hayo hupitia shuleni na hayafanywi wiki ya mtihani.

Pesa na wanaouza matumaini

Hakuna dawa, sindano, kidonge cha virutubisho wala maji ya kuombewa yanayomfanya mtoto aongee. Anayekuahidi tarehe ya mtoto kuongea anakuuzia. Dawa zipo kwa kifafa, na daktari anaweza kutoa kwa usingizi au kutotulia kulikopita kiasi. Weka fedha kwenye masikio, nauli za rufaa, na siku moja moja ya mama kupumzika. Ukienda kusali, nenda, na kesho yake ukae tena kwenye mkeka na kopo la asali.

Kila miezi mitatu fungua daftari ulinganishe kurasa za kuomba. Usihesabu maneno tu, angalia kama anakutafuta zaidi: anakuletea vitu, anakutazama kitu kikimchekesha, analalamika kwa namna mpya. Kama kurasa mbili zilizopishana miezi sita zinafanana kabisa na mazoezi mmeyafanya, rudi Kitete uombe apimwe upya, kuanzia masikioni.